Upepo wa Shavuni Si Upepo wa Risasi: Kusoma Upepo kwa Mlenga Shabaha wa Masafa Marefu

Mtoto wa dada yangu yuko Uingereza, mwaka wa tatu sasa. Juzi alinipigia simu usiku, sauti imemlegea kama mtu aliyefiwa. Amejiunga na klabu ya kulenga shabaha, wakampeleka Bisley, kwenye kile kiwanja kirefu cha Stickledown ambako na mimi nilipoteza Jumapili zangu nyingi enzi niko huko. Kapiga risasi kumi kwa masafa ya yadi 1,000, na tatu katika hizo hazikugusa hata karatasi.

"Mjomba, hii bunduki mbovu."

Nikamuuliza bendera zilikuwaje. Kimya. Nikamuuliza tena: bendera, mwanangu, zilikuwa zinaelekea wapi? Akasema hakuzitazama sana, lakini upepo ulikuwa mdogo tu, aliusikia shavuni.

Na huyu ni mjukuu wa nahodha wa Kojani! Nilicheka, kisha nikaona haya kwa niaba ya babu yake. Haya ninayoyaandika ndiyo niliyomweleza simuni kwa vipande vipande, safari hii nimeyapanga.

Kwanza jambo moja, nalipitia haraka kwa sababu halina mjadala. Hapa kwetu bunduki si kitu cha kuchezea. Kama huna kibali cha polisi na huna kiwanja chenye msimamizi na bendera nyekundu, hakuna cha kwenda kujaribu shambani. Lakini kusoma upepo hakuhitaji bunduki. Sehemu kubwa ya mwongozo huu unaweza kuifanyia mazoezi ufukweni Pemba ukiwa na vipande vya kanga kuukuu na daftari la mtoto wa shule.

Hatua ya kwanza: jua upepo unaifanya nini risasi

Wengi hudhani upepo unaisukuma risasi ubavuni kama unavyosukuma jani kavu la mgomba. Sivyo. Risasi inayozunguka vizuri hugeuza ncha yake kidogo tu kuelekea upepo unakotoka, kama chombo kilichotia nanga kinavyogeuza omo. Sasa ule ukinzani wa hewa unaoivuta nyuma hauivuti moja kwa moja tena, unaivuta na kwa upande, kuelekea demani, yaani upande upepo unakokwenda. Kwa hiyo kinachoamua risasi itapotea kiasi gani si muda wote iliokaa hewani. Ni muda ambao hewa imeichelewesha.

Hesabu yake ni nyepesi, fundi wa fremu ataifanya kichwani. Chukua risasi ya milimita 7.62 inayotoka mtutuni kwa mita 800 hivi kwa sekunde. Kama kusingekuwa na hewa, ingefika mita 900 kwa sekunde 1.1 na kidogo. Kwa kuwa hewa ipo, inafika kwa sekunde 1.6 na kidogo. Imechelewa karibu nusu sekunde. Zidisha nusu sekunde hiyo kwa kasi ya upepo unaokata njia: upepo wa mita 1 kwa sekunde utakupotezea nusu mita. Upepo wa mita 4 utakupotezea mita 2.

Mita 900 ni karibu yadi 1,000. Sasa rudi kwa mpwa wangu. Karatasi ya shabaha ya masafa yale ina upana wa kama mita 3, yaani kutoka katikati hadi ukingoni ni mita moja na nusu. Upepo wa mita 3 kwa sekunde, ule ule "mdogo tu" wa shavuni, unatosha kuipeleka risasi ukingoni na kuitoa nje. Bunduki yake ilikuwa salama salimini.

Kariri tarakimu tatu: 5, 20, 50. Kwa risasi ya aina hiyo, kila mita 1 kwa sekunde ya upepo unaokata njia ni kama sentimita 5 kwa mita 300, sentimita 20 kwa mita 600, na sentimita 50 kwa mita 900. Utaona kwamba masafa yakizidishwa mara mbili, upotevu unazidi mara nne. Anayepiga vizuri mita 300 akadhani mita 900 ni mambo yale yale mara tatu atajuta.

Na duara la pointi tano kwa yadi 1,000 lina upana wa kama sentimita 60, yaani sentimita 30 kila upande. Ukikosea upepo kwa mita 0.6 tu kwa sekunde, kosa ambalo shavu haliwezi kulisikia, umeshatoka nje ya duara hata kama mkono wako haukutikisika hata chembe.

Nyongeza kwa wenye bunduki ndogo za .22, maana nao hudharau. Kwa mita 50, mita 1 ya upepo inakusogeza milimita kama 6, na duara la pointi kumi lenyewe lina upana wa milimita 10.4. Halafu kuna jambo linalowashangaza wengi: risasi za .22 zenye kasi kubwa hupotezwa na upepo zaidi kuliko za kasi ya kawaida. Zile zinazotoka zikiwa zimepita kasi ya sauti hukutana na ukinzani mkubwa zikiikaribia kasi hiyo kwa kushuka, zinapoteza mwendo haraka, zinachelewa zaidi. Tumeshasema kuchelewa ndiko kunakopimwa. Ndiyo maana wachezaji wa mashindano hununua za polepole.

Hatua ya pili: jua upepo unakukata kwa pembe gani

Waingereza hutumia uso wa saa. Shabaha iko kwenye kumi na mbili, wewe uko katikati, upepo wa "saa tatu" unatoka kulia. Hapa ndipo Mswahili anapoingia mtegoni, maana saa tatu yetu mshale uko kwenye tisa! Mpwa wangu aliambiwa na mwalimu wake upepo uko saa tatu, yeye kichwa kikatafsiri, akasahihisha upande wa kushoto. Mimi mwenyewe yalinikuta mwaka wangu wa kwanza. Basi nikaacha saa yao nikarudi kwenye chombo cha baba.

Jifanye uko kwenye ngalawa, omo imeelekea shabaha, tezi iko nyuma yako. Upepo wa omo unakujia usoni, upepo wa tezi unakupiga mgongoni. Upepo wa matanga kati unakuja ubavuni, kulia au kushoto. Huu wa matanga kati ndio unaohesabiwa wote, kasi yake nzima. Wa omo na wa tezi, kama umenyooka kweli kweli, haukupelekei risasi kando. Unaipandisha au kuishusha kidogo tu.

Katikati ya hapo watu hukosea. Wanasema upepo wa pembeni, ule unaokuja katikati ya omo na ubavu, ni nusu. Si nusu. Kwa nyuzi 45 unahesabiwa saba ya kumi. Nusu ni upepo ulioachana na mstari wako wa kulenga kwa nyuzi 30 tu. Ukifika nyuzi 60, hesabu karibu wote, kama tisa ya kumi.

Naomba ukae hapa kidogo, kwa sababu mashindano mengi hupotelea hapa. Tuseme upepo ni mita 4 kwa sekunde na haubadiliki kasi. Ukiwa wa matanga kati, ukiyumba nyuzi 15 hivi, upotevu wako unabadilika sentimita saba tu kwa mita 900. Unaweza usijali. Lakini upepo huo huo ukiwa wa omo, ukiyumba nyuzi 15 kwenda kulia, umeshakuwa na mita 1 inayokata njia, yaani nusu mita ya kosa. Ukirudi ukapita omo ukaenda nyuzi 15 kushoto, nusu mita nyingine upande wa pili. Mita nzima, na bendera imetikisa mkia tu.

Kwa hiyo upepo ukiwa ubavuni, macho yako yatazame kasi. Ukiwa wa omo au wa tezi, yatazame mwelekeo. Baba alikuwa akisema upepo wa omo ndio mwongo kuliko pepo zote. Alikuwa anasema habari ya tanga kupigapiga, lakini neno limesimama vile vile.

Hatua ya tatu: kadiria kasi kwa macho

Kipimaupepo kile kidogo cha mkononi ni kizuri, kinunue ukiweza. Lakini kinapima upepo wa pale uliposimama, na risasi haikai pale uliposimama. Kazi ya kipimo ni kufundisha macho.

Alama za kawaida ni hizi. Moshi wa jiko ukipanda wima, shwari. Ukiusikia upepo usoni na majani yanachakarisha, ni kati ya mita 1.6 na 3.3 kwa sekunde. Majani na vijitawi vikiwa havitulii na bendera nyepesi imenyooka, ni kati ya 3.4 na 5.4, baharini utaanza kuona povu jeupe hapa na pale. Vumbi likiinuka na karatasi zikiruka barabarani, 5.5 hadi 7.9. Miti midogo ikiyumba yote, umefika 8 na zaidi, na kwa masafa ya mita 900 hapo hata mabingwa hucheka wakajilalia.

Kisha jitengenezee alama zako. Mimi zangu ni za minazi na majamvi ya karafuu. Kuti la mnazi likiwa linapepea ncha tu ni upepo mmoja. Likianza kugeuka lote likaonyesha tumbo lake ni upepo mwingine kabisa. Kwenye jamvi, upepo ukiweza kuhamisha vikonyo vikavu lakini ukaziacha karafuu zenyewe, nilishapima mara nyingi, haujafika mita 5. Wako watakuwa tofauti. Kadiria kwanza, andika, ndipo utoe kipimo ukitazame. Ukitazama kipimo kwanza hujajifunza kitu.

Sisi wa visiwani tuna bahati moja: pepo zetu zina tabia na majina. Kaskazi ya Januari ukiizoea inavuma kama mtu mwenye adabu, inakaa upande mmoja siku nzima. Kusi ni nzito na ina pumzi: inapuliza, inatulia, inapuliza. Umande, ule upepo wa alfajiri, unatoka nchi kavu, na jua likipanda unageuka. Ule wakati wa tanga mbili, baina ya misimu, ndio darasa bora kuliko yote, kwa sababu upepo haujui unataka nini. Bisley kila siku ni tanga mbili.

Hatua ya nne: tazama mazigazi

Yale mawimbi ya joto yanayotetemeka juu ya lami mchana, ndiyo mazigazi. Mlenga shabaha huyatazama kwa darubini kubwa ya kusimamisha chini, si kwa ile ya juu ya bunduki. Ukiishaiona shabaha vizuri, irudishe darubini nyuma kidogo mpaka shabaha ianze kufifia. Sasa unaona hewa iliyo katikati ya njia, kama nusu hadi theluthi mbili ya masafa.

Mawimbi yakipanda wima kama maji yanayochemka sufuriani, basi ama hakuna upepo, ama umenyooka na mstari wako na muda wowote utageuka. Usipige yanapochemka. Narudia: usipige. Yakiinama kulia au kushoto, upepo mwepesi. Yakilala kabisa yakawa yanatiririka kama maji ya mfereji, umefika mita 4 au 5. Zaidi ya hapo yanakuwa mstari tu, kasi husomi tena, rudi kwenye bendera.

Uzuri wa mazigazi ni kwamba yanabadilika kabla bendera haijapata habari. Bendera ni kitambaa, kina uzito, kinahitaji kushawishiwa. Na kikilowa ni balaa. Siku moja mvua ilinyesha asubuhi, ikaacha, jua likatoka. Nikalala kwenye mkeka nikaziona bendera zimening'inia, nikajisemea upepo umekufa, nikapunguza masahihisho yangu kwa nusu. Risasi ya kwanza ikatoka nje upande wa demani. Nikadhani mkono. Ya pili, pale pale. Mzee aliyekuwa akipiga kando yangu hakusema neno, alinyoosha kidole tu kwenye majani ya kilimani, yamelala yote. Bendera zilikuwa zimelowa, upepo ulikuwa ule ule. Nilikuwa nikiongoza mpaka hapo.

Hatua ya tano: ujue njia nzima

Kwenye mita 900 hakuna upepo mmoja. Kuna upepo wako, upepo wa katikati, na upepo wa shabahani, na pengine vyote vitatu havisalimiani.

Upi una nguvu zaidi? Wa karibu na wewe unaigeuza risasi mapema, na ule mgeuko unaubeba njia yote iliyobaki. Wa katikati unaikuta risasi ikiwa juu kabisa, maana kwa masafa yale hupanda mita tatu au nne juu ya mstari wa macho, na huko juu upepo huwa mkali kuliko wa ardhini. Wa shabahani una muda mfupi wa kufanya kazi. Kwa hiyo mimi naupa uzito zaidi ule wa nusu ya kwanza na wa katikati, wa mwisho nauangalia kwa jicho la pembeni. Wanaoanza hufanya kinyume, wanakodolea bendera iliyo juu ya shabaha kwa sababu ndiko wanakolenga.

Hapa sasa ndipo penye mazoezi ya Pemba. Nenda Vumawimbi maji yakitoka. Kata fito nane au tisa, funga kwenye kila mmoja utepe wa kanga wa urefu wa dhiraa, zisimamishe kwa mstari, kila baada ya hatua mia. Kanga nyepesi iliyofuliwa sana ni bora kuliko mpya. Kaa mwanzoni, kwenye mchanga, utazame tu. Usifanye lolote kwa nusu saa. Utaona pumzi ya upepo ikitembea: utepe wa tatu unanyanyuka, halafu wa nne, halafu wa tano, na huo wako wa kwanza umeshalala. Utaona pale miti ya Ngezi inapokaribia mchanga, tepe mbili zinazunguka kama zimepagawa, kwa sababu upepo uliogonga miti hurudi na kujikunja. Kingo ya msitu, ukuta, tuta, vyote hufanya hivyo, na kwenye viwanja vya Uingereza ni miti na vilima.

Kisha chukua daftari. Kila baada ya dakika moja andika tarakimu moja tu: upepo wa wastani unaokata njia, kwa uzito niliousema. Si tarakimu tisa za tepe tisa. Moja. Mkono utasita, na huko kusita ndiko unakotakiwa kukuondoa.

Watoto wa kijijini watakuja kukuuliza unavua nini. Waambie ukweli, hawataamini.

Hatua ya sita: peleka kwenye darubini

Masahihisho hupimwa kwa dakika za pembe. Digrii moja ina dakika 60. Dakika moja ni kama sentimita 2.9 kwa mita 100, sentimita 26 kwa mita 900. Ukirudi kwenye zile tarakimu zetu: mita 1 ya upepo ni nusu dakika kwa mita 300, dakika moja na kidogo kwa mita 600, dakika mbili kwa mita 900. Darubini nyingi za juu ya bunduki zinasogea robo dakika kwa kila mlio wa kifundo, kile cha kuzungusha kwa vidole, kwa hiyo mita 1 ya upepo kwa mita 900 ni milio minane.

Kuelekea wapi? Unasogeza upigaji kuelekea upepo unakotoka. Siku zote joshini, kinyume cha demani. Nahodha anayevuka mkondo haelekezi omo kwenye gati la Mkoani. Anaelekeza juu yake, na mkondo unamleta. Ukiwa na wasiwasi kifundo kinazunguka upande gani, kizungushe ukiwa nyumbani mara mia mpaka vidole vijue, kwa sababu kiwanjani ukianza kufikiri umechelewa.

Wapo wasiozungusha kifundo, wanalenga kando tu. Kwa mabadiliko madogo ni haraka zaidi na mimi sina ugomvi nao. Ila usifanye yote mawili kwa risasi moja kisha ukasahau ulifanya lipi.

Kuna vitu viwili vidogo vitakavyokuchanganya ukidhani ni upepo. Risasi inayozungushwa kulia hujipeleka kulia yenyewe, kama sentimita 20 kwa mita 900 hata siku ya shwari. Na kuzunguka kwa dunia nako kuna mkono wake: Bisley ni kama sentimita 8 kwenda kulia, lakini hapa Pemba, nyuzi 5 tu kusini ya ikweta, haifiki hata sentimita moja, na inakwenda kushoto. Cha pili kwa hapa kisahau. Cha kwanza kiweke kwenye ziro yako, yaani pale kifundo kinapoanzia siku ya shwari.

Na mwenye .22 ajue upepo wa ubavuni haumpeleki kando tu. Kwa mtutu unaozungusha kulia, upepo wa kushoto huipeleka risasi kulia na chini, wa kulia huipeleka kushoto na juu. Matundu yako yakijipanga kwa mshazari namna hiyo, usianze kulaumu pumzi zako.

Hatua ya saba: amua utasubiri au utafuata

Kuna madhehebu mawili. Wa kwanza huchagua upepo mmoja, ule unaojirudia mara nyingi, anasahihisha kwa huo na kupiga huo ukirudi tu. Wa pili anafuata kila badiliko na kifundo chake.

Kusubiri ni kuzuri, lakini Bisley hakuna kusubiri kwingi. Mnalala wawili au watatu kwenye shabaha moja, mnapokezana, na zamu yako ikifika una sekunde 45. Kila risasi ikigonga, shabaha inashushwa handakini, wanabandika alama, inapandishwa tena. Muda wote huo upepo unatembea. Kwa hiyo unasubiri ndani ya zile sekunde 45, zikikaribia kwisha inakubidi ufuate.

Mwenendo ninaomshauri mpwa wangu ni huu. Shabaha ikiwa chini, usilaze macho kwenye bunduki, tazama bendera na mazigazi, sema tarakimu kwa sauti ndogo: "tatu... tatu... mbili na nusu... tatu." Shabaha ikipanda, linganisha na tarakimu ya risasi iliyopita. Imezidi? Imepungua? Kwa kiasi gani? Zungusha. Tazama mara moja ya mwisho kabla shavu halijagusa kitako. Kisha piga, usikae. Anayelenga sekunde kumi na tano anapiga upepo wa sekunde kumi na tano zilizopita.

Kubadilika ni kwa ghafla kwa wale wasiotazama. Ukitazama utaona upepo una mapigo, kama kusi: ukali wake una kiwango cha juu na cha chini, na unakwenda baina ya hivyo viwili. Vijue hivyo viwili katika dakika zako kumi za kwanza, kabla hujapiga hata risasi moja, na umepata kuta za nyumba. Hapo hata ukikosea utakosea ndani ya nyumba.

Tena, risasi ikitoka nje, usikimbilie kusahihisha kosa lote. Jiulize kwanza mkono ulikuwaje. Kama mkono ulikuwa safi, rudisha nusu ya kosa, uone.

Hatua ya nane: daftari

Hii wengi huiruka, na kwa maoni yangu ndiyo inayotenganisha anayepiga miaka ishirini na anayepiga mwaka mmoja mara ishirini.

Kila risasi ina mstari wake, na mstari una nafasi nne. Upepo uliousoma. Upepo uliouweka kwenye kifundo. Mahali risasi ilipoingia. Na ya nne, inayojazwa baadaye na chai mkononi: upepo uliokuwepo kweli, uliokokotolewa kutoka pale risasi ilipoingia. Mathalani ulisoma mita 3, ukaweka mita 3, risasi ikaingia nusu mita demani ya katikati, kwa mita 900. Basi upepo ulikuwa 4.

Baada ya mistari mia hivi utaanza kujijua. Mimi nilikuja kugundua kwamba upepo wa kulia nauona mdogo kuliko ulivyo, wa kushoto nausoma sawasawa. Sababu sikuitafuta. Nikawa naongeza nusu mita kila ukitoka kulia, na pointi zikapanda.

Jana mpwa wangu amenitumia picha ya ukurasa wake wa kwanza. Mwandiko mzuri, mistari imenyooka kwa rula, na nafasi ya nne yote ni tupu. Nimemrudishia.